Ndege Ikinyamaza

Nikimwambia mtu kwamba kazi yangu ni umeme wa ndege, huwa naulizwa moja kati ya maswali mawili. Vijana huuliza kama nimewahi kukalia kiti cha rubani. Nimekikalia mara nyingi, ndege ikiwa imeegeshwa, saa nane za usiku, tochi iko mdomoni na miguu imeganda kwa baridi. Watu wazima hawaulizi hivyo. Wao hunyamaza kidogo, wakoroge chai, halafu: "Sasa ndege ikianguka, ni wewe utashikwa?"

Huwa nacheka na kugeuza mazungumzo. Lakini ni swali la haki, na jibu lake lina historia, tena sehemu ya historia hiyo ilitokea hapa hapa Embakasi. Ili niieleze itabidi nianze na kitu ambacho abiria wengi wamekitazama kwa macho yao bila kukijua jina.

Ukipewa kiti cha dirishani nyuma kidogo ya bawa, usilale. Ndege ikianza kujivuta kuelekea njia ya kurukia, utasikia mngurumo chini ya sakafu na utaona sehemu ya nyuma ya bawa ikiteleza nje na kuinama. Hizo ni flapu. Ukichungulia mbele utaona ukingo wa bawa nao umesogea, umeacha mwanya mwembamba. Hizo ni slati. Bawa la ndege ya abiria limetengenezwa kwenda mbio. Kule juu, ndege ikienda zaidi ya kilomita 800 kwa saa, linatosha likiwa jembamba na limenyooka. Shida ni kuruka na kutua, mwendo ukiwa mdogo. Hapo bawa linahitaji kuwa kubwa zaidi na lenye mkunjo zaidi, ndiyo maana likapewa vipande vya kutoka na kurudi. Flapu za nyuma huongeza mkunjo. Za mbele kazi yake ni nyingine, na kwangu mimi ndiyo ya ajabu zaidi: zinaiwezesha ndege kuinua pua bila hewa kubanduka kutoka mgongo wa bawa. Hewa ikishabanduka, bawa halibebi tena kitu. Ni bati tu.

Mama yangu ni mtu wa Changamwe na baba yake alikuwa mvuvi, kwa hivyo nilipomfafanulia haya nilijitia kuzungumza habari za matanga, upepo mwingi na upepo mchache. Akanikatiza. "Mbona wazunguka? Sema ndege inakunja na kukunjua kanga." Nikasema ndio mama, karibu hivyo.

Sasa Embakasi. Tarehe 20 Novemba 1974, Jumatano, kabla tu ya saa mbili asubuhi, Boeing 747 ya Lufthansa iliyotoka Frankfurt ilikuwa inaondoka Nairobi kwenda Johannesburg ikiwa na watu 157. Uwanja wakati huo uliitwa Embakasi, jina la Jomo Kenyatta lilikuja baadaye. Hali ya hewa haikuwa na tatizo, injini zote nne zilikuwa nzima. Mkono wa flapu ulivutwa mahali pake na flapu za nyuma zikatoka kama kawaida, kwa sababu hizo zilisukumwa na mafuta ya haidroliki. Lakini zile za mbele, katika 747 za kwanza, zilisukumwa na hewa ya moto inayochotwa kwenye injini. Vali za hewa hiyo zilipaswa kufunguliwa na mtu wa tatu katika chumba cha marubani, injinia wa safari, aliyeketi nyuma ya marubani wawili akiukabili ukuta wa saa na swichi. Asubuhi ile vali hazikufunguliwa. Hewa haikufika. Flapu za mbele zikabaki zimelala.

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi. Ndege ilikimbia, ikainua pua, ikaacha ardhi, na papo hapo ikaanza kutetemeka. Marubani walidhani wana shida ya gurudumu au injini. Wakapandisha magurudumu ili ipate wepesi. Kisha usukani ukaanza kutikisika wenyewe, ambayo ndiyo namna ya ndege kumwambia rubani kwamba bawa linakaribia kuacha kubeba. Haikupata urefu wa kutosha hata wa kuinamisha pua ikaokota kasi. Mkia uligusa ardhi kama mita 1,100 baada ya mwisho wa njia ya kurukia, ikagonga tuta la barabara, ikavunjika na kushika moto. Watu 59 walikufa. Waliopona ni 98. Ilikuwa ajali ya kwanza ya 747 kuua watu tangu aina hiyo ianze kubeba abiria.

Mimi nilikuwa sijazaliwa. Nilijifunza habari hii darasani, chuoni, si mbali na mahali ilipoangukia, na mwalimu aliipitia kwa dakika kumi akasonga mbele. Nilirudi maktaba peke yangu. Kilichonishika si moto wala idadi ya waliokufa. Ni kwamba ndege ile haikusema kitu. Ilikuwa na honi ya kuwaonya marubani wakitaka kuruka ikiwa haijawekwa sawa, lakini honi hiyo haikuunganishwa na flapu za mbele. Honi ilitazama inachotazama, ikaridhika, ikanyamaza. Wachunguzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya zamani iliyovunjika 1977, waliandika kwamba wafanyakazi wa ndege hawakuhakikisha hewa imefunguliwa, na wakaandika pia kwamba kukosekana kwa onyo la kutosha kulichangia. Boeing wakabadilisha mfumo wa onyo.

Na yule injinia? Alifutwa kazi na akashtakiwa kwao Ujerumani kwa uzembe. Mahakama ilimwachilia 1981. Hesabu mwenyewe: miaka karibu saba ya kuamka kila asubuhi ukiwa mtu ambaye hakufungua vali.

Mara nyingi nimemfikiria huyo mtu kuliko inavyofaa. Sijawahi kuiona sura yake. Lakini nadhani ninaijua ile meza yake, kwa maana ya kazi: swichi themanini, taa za kijani, taa za kahawia, na orodha ya ukaguzi inayosomwa kwa sauti ya mtu aliyeisoma mara elfu. Binadamu akisoma kitu mara elfu, jicho linaona lilichozoea kuona. Hilo si uzembe. Ni jinsi macho yalivyo.

Jibu la watengenezaji lilikuwa kumwondoa mezani. Ilichukua muda, ila ndivyo ilivyokwenda. Airbus A320 ilipoanza kubeba abiria mwaka 1988, chumba chake kilikuwa na watu wawili tu, na kazi nyingi za yule wa tatu zilikuwa zimehamia ndani ya masanduku ya chuma. Hapa ndipo mkate wangu ulipo, kwa hivyo mnivumilie kidogo.

Mkono wa flapu kwenye ndege hiyo haujafungwa kwenye waya wa chuma. Ni kama swichi. Una nafasi tano, kuanzia sifuri hadi mwisho kabisa. Ukiuvuta, vihisi vilivyo chini yake vinapeleka habari kwa kompyuta mbili, na kila kompyuta ina upande wa slati na upande wa flapu. Kompyuta hizo ndizo zinazofungulia mafuta ya haidroliki mota zilizo katikati ya ndege, na mota zinazungusha vyuma virefu vinavyopita ndani ya mabawa yote mawili hadi kwenye ncha. Kompyuta moja ikifa, nyingine inaendelea, ila mambo yanakwenda kwa nusu ya mwendo. Kwenye jeti nyingine, kama Embraer 190, hata mafuta hayapo, ni mota za umeme.

Kule kwenye ncha za mabawa kuna vihisi vingine, na hivi ndivyo nivipendavyo. Kazi yao ni kulinganisha: kulia kumefika wapi, kushoto kumefika wapi. Flapu za kulia zikitoka na za kushoto zikabaki, ndege itapinduka kama kitanda kilichovunjika mguu mmoja. Kwa hivyo tofauti ikizidi kiasi kilichowekwa, kompyuta zinafunga breki zilizo kwenye ncha na kila kitu kinasimama palepale kilipo. Angani breki hizo hazifunguki. Rubani atatua na bawa alilo nalo, kwa kasi zaidi, kwenye njia ndefu, na fundi ndiye atakayezifungua chini. Kuna na hili: rubani akiurudisha mkono kwenye sifuri wakati ndege inakwenda polepole mno, kompyuta inakataa kurudisha slati. Haimgombezi. Inakataa tu, hadi mwendo upande.

Mtu akinisikiliza hapa atadhani namwaga sifa za mashine. Lakini Chicago, tarehe 25 Mei 1979, injini ya kushoto ya DC-10 ilichomoka wakati ndege inaruka, ikakata mabomba ya haidroliki ya bawa hilo. Slati za upande ule, zilizokuwa hazina kitu cha kuzishikilia isipokuwa mafuta yenyewe, zikasukumwa na hewa zikarudi ndani. Za kulia zikabaki nje. Taa ya kuwaambia marubani kwamba slati hazilingani ilipata umeme wake kutoka kwa injini hiyo hiyo iliyoanguka. Taa haikuwaka. Wakafa watu 273, wawili kati yao wakiwa chini, hawana habari na safari ya mtu. Detroit, Agosti 1987, MD-82 iliruka bila flapu wala slati, na mfumo wa kuonya ulikuwa hauna umeme. Walikufa 156. Abiria mmoja tu alipona, msichana wa miaka minne.

Halafu Madrid, tarehe 20 Agosti 2008. Hii ndiyo inayonikosesha usingizi, kwa sababu ndani yake kuna mafundi.

MD-82 ya Spanair ilikuwa tayari kuruka, ikarudi kwa sababu kifaa cha kupima joto la hewa nje kilikuwa kinajipasha moto ndege ikiwa chini. Kifaa hicho kinapaswa kupashwa moto angani tu. Mafundi wakatazama kitabu. Kitabu kilisema ndege inaweza kwenda na kitu hicho kikiwa kimezimwa, na njiani hakukuwa na barafu, kwa hivyo wakavuta fyuzi yake, wakaandika, wakatia saini. Marubani wakaanza upya wakiwa wamechelewa, na katika kuanza upya huko hawakuzitoa flapu wala slati. Honi haikulia. Kati ya watu 172 walikufa 154.

Sasa sikiliza. Kwa nini kifaa kilikuwa kinapashwa moto chini? Katika ndege hiyo kuna rilei inayoiambia mifumo kadhaa kama ndege iko ardhini au hewani. Kifaa kile kinaisikiliza. Honi ya kuruka nayo inaisikiliza, kwa sababu hakuna haja ya honi hiyo kulia ukiwa tayari uko juu. Rilei ikiamini iko angani, kifaa kitapashwa moto na honi itanyamaza. Wachunguzi hawakuweza kuthibitisha kwa uhakika kwamba ni rilei hiyo iliyoharibika. Lakini inawezekana kabisa kwamba joto lile ndilo lilikuwa neno pekee ambalo ndege ililitamka siku hiyo, nalo likatibiwa kama ugonjwa wenyewe. Mafundi wawili waliburutwa na kesi hadi 2012, mahakama ya Madrid ilipoifunga ikisema hawakuwa na hatia ya jinai.

Hayo yote nilikuwa nayajua usiku ninaotaka kuusimulia.

Ilikuwa Aprili, masika, kwenye kampuni niliyofanya kazi zamani, ambayo siitaji. Jeti ndogo ilikuwa imetua jioni na marubani wameandika kitabuni kwamba ujumbe wa hitilafu ya flapu ulitokea, ukatoweka. Nikaziendesha flapu, nje ndani, nje ndani, mara sita. Safi. Nikafungua kumbukumbu ya kompyuta na hapo nikakuta kitu: vihisi viwili vya upande wa kulia vilikuwa vimetofautiana kwa muda mfupi sana. Nikarudi nyuma. Siku tatu kabla, jambo lile lile. Juma moja kabla, lile lile. Kila mara mtu ameiwasha kompyuta upya, amejaribu, ameandika iko sawa.

Nikamwambia msimamizi nataka kufungua paneli ya bawa nitazame plagi ya kihisi. Mvua ya siku nyingi, plagi ya nje, mtu yeyote aliyewahi kuwa na gari la zamani anaelewa. Kazi ya saa tatu. Ndege ilikuwa ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na wakati huo ni saa kumi usiku.

"Jaribio limepita?" akaniuliza.

"Limepita."

"Kuna ujumbe saa hizi?"

"Hakuna."

"Basi shida ni gani, dada? Ndege yenyewe inakwambia iko sawa."

Nikamwambia haijasema iko sawa. Imenyamaza.

Alinitazama kama mtu anayetazama mvua. Nataka nimtendee haki: kitabu kilimruhusu. Ujumbe ukifutika na jaribio likipita, ndege inaruhusiwa kwenda, na hata hitilafu ingerudi angani, kompyuta ingefunga breki, marubani wangetua kwa kasi na kulalamika. Si lazima mtu angekufa. Pengine hakuna ambaye angekufa hata ndege hiyo ingeruka hivyo mwaka mzima. Lakini ni saini yangu, na saini yangu ingekuwa ya nne mfululizo chini ya sentensi ile ile. Nikaweka kalamu chini. Akaitwa mwenzangu aliyekuwa na leseni kama yangu, akaja, akatia saini, hakuniangalia. Simlaumu. Alikuwa na watoto wawili shule ya bweni na muhula ulikuwa unafunguliwa.

Ndege ilikwenda ikarudi. Siku iliyofuata pia, na iliyofuata. Mkataba wangu uliisha Juni na haukuandikwa mwingine. Hakuna aliyenieleza sababu, na sikuuliza, maana ningeambiwa ni bajeti.

Nilipofika nyumbani Changamwe na begi langu la spana, mama alinisikiliza hadi mwisho huku akichambua mchele. Kisha akauliza, "Hiyo ndege, ilifika?"

"Ilifika."

"Na watu wote?"

"Wote."

"Kwa hivyo umepoteza kazi kwa ajili ya ndege iliyofika."

Sikuwa na jibu. Hakuna ajali ya kumwonyesha, hakuna ripoti, hakuna plagi yenye kutu ya kijani ya kuweka mezani pale karibu na ungo. Kazi hii ikifanywa vizuri haiachi ushahidi wowote. Ikifanywa ovyo, mara nyingi nayo haiachi.

Sasa niko hanga nyingine, na ndege zake ni za kisasa zaidi kuliko zile. Ubora wa elektroniki hizi, kwa maoni yangu, hauko kwenye kusogeza flapu, maana waya za chuma zilisogeza flapu vizuri tu miaka mingi. Uko hapa: kila zinapowashwa zinajikagua, na ikiwa macho yao yenyewe yameharibika zinasema, macho yangu yameharibika. Onyo lililokosa umeme linatangaza kwamba halina umeme. Kile ambacho Chicago na Detroit hakikutamkwa, sasa kinaandikwa kwenye skrini kwa herufi za kahawia. Si kila mara. Mara nyingi kiasi cha kunifanya nipande ndege bila kushika sala ndefu.

Wanafunzi wanaoletwa kwetu nawaanzisha na honi. Flapu ndani, slati ndani, ndege imefungwa vigingi, halafu nawaambia wasukume mikono ya injini mbele, injini zikiwa zimezimwa. Honi inalia. Ni sauti mbaya, kama mbuzi aliyekanyagwa, na wengine huruka kitini. Nawaambia waisukume tena. Na tena. Halafu nawauliza: ingekuwa haikulia, mngejua nini? Kijana mmoja wa Kitui alijibu, "Ningejua iko sawa." Mwenzake akasema, "Usingejua kitu, bana." Huyo wa pili nilimpeleka kunywa chai.

Na wale watu wazima wanaokoroga chai yao na kuuliza kama nitashikwa? Ndiyo, naweza kushikwa. Injinia wa Lufthansa alishikwa, mafundi wa Madrid walishikwa, wote wakaachiliwa wakiwa wameshazeeka kidogo. Kompyuta haishikwi. Haina mkono wa kutia saini.

Desemba iliyopita mama alipanda ndege kwa mara ya kwanza, Mombasa kuja Nairobi, nauli nililipa mimi. Nilimtafutia kiti cha nyuma ya bawa. Alinipigia akiwa ndani, kabla simu hazijazimwa, na alizungumza kwa sauti ya mtu aliye sokoni.

"Kanga za nyuma zimekunjuliwa, nimeziona. Za mbele sizioni."

"Kwa nini?"

"Kuna baba ameweka kichwa chake dirishani, kichwa kikubwa."

"Mama, zima simu."

"Ngoja kwanza," akasema, na nikamsikia akigeuka. "Samahani baba, hebu inamisha kichwa kidogo, kuna kitu nataka kukiangalia."